Binti, Vuta N'kuvute au ile ya Malawi: projekta moja, usiku mmoja, uweke ipi?

Wifi yangu yuko Lindi, sisi tuko Mtwara hapa Chuno. Wiki iliyopita kanitumia voisi ya dakika nne, kaanza na hali za watoto, kaja bei ya samaki, karudi tena kwa watoto, mwisho kabisa ndo katoa neno: wifi, ile projekta yenu nikiiazima usiku mmoja tu niwawekee watu nini? Nikamuuliza watu gani hao, akasema wenzake wa kikoba, na watoto wao maana saa mbili usiku utamwachia nani mtoto, na bibi mmoja jirani yake ambaye shughuli yoyote ya mtaa lazima awepo, na mpwa wetu yule wa kidato cha sita anayesoma HKL, yani Historia, Kiswahili na Kiingereza, yuko likizo. Yani uwanja mzima wa watu na kila mmoja na umri wake.

Bahati nzuri hizi wiki za karibuni kila Jumamosi tunatundika shuka jeupe ukutani tunaangalia, mimi, mume wangu, watoto wawili, na mama yangu mzazi ambaye katoka Newala kaja kukaa na sisi kidogo. Tumeona nyingi, nyingine haikufika nusu saa watu wakawa wanasinzia, ila tatu zimebaki kichwani na mpaka leo tunazibishania tukiwa tunamenya ming'oko: Binti, Vuta N'kuvute, na The Boy Who Harnessed the Wind ambayo humu ndani wote tunaiita ile ya Malawi. Nilianza kumjibu wifi kwa voisi nikaona haitoshi, ndo nimekaa naandika, na mwingine yeyote mwenye swali kama lake apitie humu humu achague.

Jibu lenyewe kwanza. Kwa watu wake walivyochanganyika vile, ningeweka ile ya Malawi. Wangekuwa wanakikoba peke yao, watoto wamelala, ningeweka Binti wala nisingesita. Vuta N'kuvute ningempa mpwa wetu aangalie kwa kompyuta ametulia, na mimi nikae pembeni yake maana naipenda mno. Sasa sababu.

Kwa asiyezijua kabisa. Binti ni ya kwetu, ya mwaka 2021, kaongoza Seko Shamte, ni maisha ya wanawake wanne wa Dar es Salaam, kila mmoja anapewa sehemu yake, mmoja ana duka na deni linamkaba, mmoja anakaribia kuolewa na mwanaume ambaye mkono wake mwepesi wa kupiga, mmoja anatafuta mtoto hapati, na mmoja anaye mtoto mwenye mahitaji maalum na kachoka hana wa kumwambia. Ndo filamu ya kwanza ya Tanzania kuingia Netflix. Vuta N'kuvute nayo ni ya 2021, ya Amil Shivji, imetoka kwenye riwaya ya Adam Shafi, ni Zanzibar ya miaka ya 1950 wakati Mwingereza bado yupo, binti wa Kihindi anaitwa Yasmin anakimbia ndoa aliyopangiwa na mwanaume aliyemzidi umri mbali, anakutana na Denge, kijana anayepinga ukoloni na polisi wanamtafuta. Hiyo ilienda mpaka tamasha la Toronto, na Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar ya filamu za kimataifa. Ile ya Malawi ni ya 2019, kaongoza Chiwetel Ejiofor na yeye mwenyewe kacheza baba, ni habari ya kweli ya William Kamkwamba, mtoto wa kijijini kule Kasungu aliyefukuzwa shule kwa ada, njaa ikapiga, akajifundisha kwa vitabu vya maktaba mpaka akatengeneza kinu cha upepo kwa vyuma chakavu.

Ukisikia hivyo utasema hizi hazilinganishiki. Zinalinganishika, maana kinacholinganishwa ni nani anakaa kwenye mkeka, anaelewa lugha gani, ataamka na nini kesho yake.

Tuanze na lugha kwa sababu hapo ndo wengi wanakosea. Binti ni Kiswahili cha Dar cha siku zote, hamna mtu atakayeuliza "kasemaje". Vuta N'kuvute ni Kiswahili pia lakini ni kile cha Unguja, kitamu, cha kukisikiliza, na wanaongea bila haraka, mama yangu alikuwa anatikisa kichwa kila baada ya muda kama mtu anayekunywa kahawa nzuri. Watoto wangu hapo ndo walianza kupotea, maneno mengine hawajawahi kuyasikia. Ile ya Malawi ni Kichewa na Kiingereza, na maandishi ya chini tuliyopata sisi yalikuwa ya Kiingereza. Kwa mtu kama mama ambaye kusoma kwake ni kwa shida hata kwa Kiswahili, hiyo ni kazi. Kwaiyo nilikaa naye bega kwa bega nikawa namtafsiria, siyo kila neno, yani namwambia tu "anamdai ada", "baba anakataa", "huyo mwalimu anamtaka dada yake".

Kumbe hata hiyo shida siyo kubwa kama nilivyoogopa. Ile filamu imegawanywa sehemu na kila sehemu ina jina la Kichewa, kuna kukula, kuna njala, kuna mphepo. Mama aliposikia njala hakunisubiri, akasema hiyo naijua. Kukula ni kukua, mphepo ni upepo, na sisi wa kusini tumezungukwa na lugha ndugu, Kiyao, Kimakonde, Kimakua, sikio likizoea dakika ishirini mtu anaanza kushika mwenyewe. Ejiofor ni Mwingereza, ilibidi ajifunze Kichewa kwa ajili ya filamu hii, na William kachezwa na kijana wa Kenya, Maxwell Simba, naye kajifunza. Kwaiyo wifi usiiogope kwa sababu ya lugha. Tafuta mtu mmoja tu mwenye sauti ya kusikika awe anawatafsiria, kama wale wa vibanda vya video walivyokuwa wanatutafsiria tukiwa wadogo, na mtu huyo ni mpwa wetu, atafaidika na yeye.

Watoto sasa. Hapa sina kigugumizi. Binti siyo ya watoto. Hamna cha aibu sana ila kuna mwanamke anapigwa na mtu anayempenda, na ukiweka mtoto wa miaka saba mbele ya hilo ujue kesho atakuuliza, na kama nyumbani kwake kuna jambo kama hilo utakuwa umemfungulia kidonda mbele za watu. Vuta N'kuvute ni mapenzi ya watu wazima na polisi na kukamatwa, mtoto mdogo ataona tu watu wanaongea gizani. Ile ya Malawi steringi ni mtoto. Wangu wa miaka kumi hakupepesa. Ila nayo ina sehemu mbili tatu za kujiandaa, chifu anapigwa mbele ya watu, wezi wanavamia chakula cha familia, na mbwa wake William anakufa kwa njaa, hapo mwanangu mdogo alilia kweli kweli ikabidi tusimamishe kidogo nimshike. Sijutii. Ila waambie wazazi mapema.

Naomba nikae kidogo kwenye hii ya Malawi maana ndo iliyonipata.

Mwanzoni kabisa kuna msiba, na kwenye mazishi wanakuja wachezaji wamevaa vinyago mwili mzima, ile ngoma ya Wachewa ya Gule Wamkulu. Mama akanishika mkono akasema hawa mbona mapiko yetu, yani wale wachezaji wa vinyago wa Kimakonde. Akavuta kanga mpaka puani, vile vile anavyofanya kijijini mapiko yakipita, maana mwanamke hatakiwi kuonyesha kuwa anajua nani yuko ndani. Nimeona filamu nyingi za nje maishani, sijawahi kuona mama yangu akijifunika kanga kwa heshima ya kitu kilichoko ukutani.

Afu ikaja baiskeli. Baba yake William ana baiskeli moja, mali ya maana waliyobaki nayo, na mtoto anaitaka aikate ili apate gurudumu na vyuma vya kinu. Mtoto kasoma kitabu maktaba, ana uhakika, ila baba haoni kitabu, anaona baiskeli. Anakataa, tena kwa hasira mbaya. Unaweza kumchukia huyo baba hapo, mume wangu alimchukia. Mimi sikuweza. Baba yangu alikuwa na Phoenix, gunia la korosho juu yake, mgonjwa juu yake, mimi juu yake siku naenda kuanza sekondari na sanduku la bati limefungwa kwa mpira wa tairi. Mwaka mmoja pesa ya korosho ilichelewa kuingia, ada yangu ikawa haijakamilika, shule wakanirudisha nyumbani, nikamkuta baba kakaa barazani anaiangalia ile baiskeli tu. Hakusema kitu siku tatu. Ya nne akaiuza. Mpaka hii filamu nilikuwa sijawahi kuwaza zile siku tatu kwa upande wake, nilikuwa nakumbuka tu kwamba nilichelewa mtihani wa katikati ya muhula. Kwaiyo Ejiofor alipokaa pale kachoka, mashavu yameingia ndani, anaangalia baiskeli na anamwangalia mwanae, mimi nilikuwa nalia na sikujificha.

Na maji. Wanaojua Newala wanajua tunaongelea nini. Juu kule kwenye uwanda wa Makonde ardhi haishiki maji, mama amekua akishuka bondeni alfajiri na ndoo na kupanda nayo mlima kurudi, hiyo ndo ilikuwa siku ya mwanamke. Pale mwisho wa filamu upepo unazungusha kile chuma na maji yanapanda yenyewe kutoka kisimani yanaenda shambani, watu kijijini wanakimbia wanashangilia, mama hakushangilia. Kakaa kimya. Baadae sana, tumeshazima, nakunja shuka, akasema "upepo wote ule wa kwetu". Basi. Sikuwa na la kumjibu.

Ukweli ni kwamba kinu cha kwanza cha William mwenyewe kiliwasha taa nyumbani kwao, ya kusukuma maji ilikuja baadae, filamu imekusanya mambo ili yafikie pale, mimi sioni kosa. Ila mpwa wetu akiwa anatafsiri awaambie na hiyo, na awaambie kwamba kijana yule baadae alienda kusoma Marekani, chuo cha Dartmouth, akahitimu 2014. Watoto wanapenda kujua mtu yupo kweli.

Kasoro yake? Ni ndefu kidogo, karibu saa mbili, na nusu ya kwanza inaenda taratibu, kuna mambo ya siasa za kule na kampuni za tumbaku kukata miti ambayo mtu asiyefuatilia atayumba. Bibi jirani anaweza kusinzia hapo. Mwacheni, mwamsheni kwenye njala.

Sasa Binti. Nilisema kwa wanakikoba ningeiweka hii na narudia. Kwa sababu ya yule mwenye duka. Ana deni, na aliyemkopesha si mtu wa kumwambia naomba wiki. Nani kati yetu hajui mikopo ya kausha damu? Sisi wenyewe kwenye kikundi chetu hapa tulikuwa na mwenzetu ambaye kila marejesho analeta kwa wakati, tunamsifia, kumbe anakopa huku anatoa kule, siku mambo yalipofumuka alikuwa ameshauza mpaka friji. Hakuna aliyemuuliza. Tulikuwa tunahesabu hisa tu. Nilivyoona Binti nilimkumbuka yeye kwanza kabla ya yote, na natamani tungeiona pamoja kabla, labda angepata pa kuanzia kusema.

Na huyo anayetafuta mtoto, jamani. Kwetu mtu anaulizwa "bado tu?" kwenye harusi, msibani, sokoni, na wanaouliza ni sisi wanawake wenyewe. Filamu haihubiri hata kidogo, inakuonyesha tu uso wa mtu anayeulizwa. Nimeipenda kwa hilo. Filamu zetu nyingi zina tabia ya kukuelezea kila kitu mara tatu, mtu analia afu anasema "nalia kwa sababu", hii haina hiyo tabia, wanawaamini watazamaji. Na picha zake safi, nyumba zinafanana na nyumba za watu, siyo yale masofa ya kuazima.

Kinachonipa shida kwenye Binti ni kwamba hadithi nne kwa saa moja na nusu ni nyingi. Unaanza kumzoea mmoja, unapelekwa kwa mwingine. Yule bibi harusi nilitaka nikae naye zaidi, nilitaka kujua mama yake anajua nini na anajifanya hajui nini. Mume wangu yeye alisema wanaume wa humo ndani hawakupewa nafasi ya kueleweka, tukabishana mpaka saa sita usiku, na mimi nasema mbona filamu mia za nyuma wanawake hawakupewa nafasi na hatukusikia mtu analalamika. Lakini nakubali kwamba ni filamu inayokuacha na mzigo. Ile ya Malawi inakuvunja afu inakuinua, Binti inakuweka kitako na wenzako muongee. Kwaiyo usiiweke kama baada yake kila mtu anabeba mtoto wake anakimbilia bodaboda. Iweke siku mna muda wa kukaa, chai ipo, mlango umefungwa, na wanaume wametoka. Au wanaume wapo, ila wawe wale wa kusikiliza.

Vuta N'kuvute sasa, ambayo kwangu ndo nzuri kuliko zote kwa macho. Nasema kwa macho. Kila picha unaweza kuisimamisha ukaitundika sebuleni. Zile chochoro, madirisha ya mbao, mwanga unaingia kwa ufa, kanga, moshi wa sigara, mtu akitoka pale Mikindani kwenye yale majumba ya zamani ya mawe karibu na bahari atajiona yuko kwao. Hata Lindi kule mjini kuna kona ukisimama saa kumi na mbili jioni ni filamu hiyo hiyo. Na taarabu! Mwajuma, yule rafiki anayempokea Yasmin, kachezwa na Siti Amina ambaye ni mwimbaji hasa, siyo mtu wa kubahatisha, akifungua mdomo mama alikuwa anaitikia.

Na nimependa kwamba historia yetu ya pwani imesimuliwa na watu wetu kwa lugha yetu, bila mzungu mmoja mwema wa kuja kutuokoa. Watoto wetu wakisikia mapambano ya uhuru wanawaza majukwaa na hotuba. Humu wanaona karatasi zinasambazwa kwa siri, watu wa kawaida, mpishi, mwimbaji, binti aliyefukuzwa kwao.

Lakini inaenda taratibu mno kwa mkusanyiko. Kuna dakika nzima mtu anaangalia tu. Wawili wakikaa na filamu hiyo ile kimya ni utamu, watu ishirini wakikaa nayo ile kimya inajaa "ee jamani imeganda?" Na kuna tatizo la kawaida kabisa ambalo sikulitegemea: giza. Sehemu nyingi ni usiku au ndani ya vyumba vya taa hafifu, na projekta yetu ni ile ndogo ya bei rahisi, kwenye shuka tulikuwa tunaona weusi unaongea. Tulihamia kwenye kompyuta ndo nikaona kumbe kuna sura. Ile ya Malawi ni jua tupu, vumbi, shamba, mbingu, hata shuka likiwa na kunyanzi picha inaonekana. Binti iko katikati, ni vyumba lakini vina mwanga.

Kwa mpwa wetu namwambia na hili maana najua anachowaza. Vuta N'kuvute kwenu ni kitabu cha mtihani. Ukiangalia filamu itakusaidia kuona mazingira, itakusaidia kumpenda Yasmin, na mtu ukimpenda unakumbuka mambo yake. Ila usije ukajibu swali la fasihi kwa filamu mwanangu. Kitabu kina watu wengi na safari nyingi ambazo saa moja na nusu haiwezi kuzibeba, na muongozaji kachagua vyake. Soma kitabu kwanza, uione filamu, afu uandike pembeni nini kimeachwa na kwa nini unadhani kimeachwa, hapo utakuwa umefanya uhakiki na mtahini yeyote atakusikiliza.

Mambo ya mitambo nipitie haraka. Binti na ile ya Malawi sisi tuliziona Netflix, tunatumia akaunti ya shemeji, ila kabla hujawaalika watu fungua uhakikishe bado zipo maana huko vitu huwa vinaondolewa. Usiangalie moja kwa moja kwa bando, pakua mchana ukiwa na mtandao mzuri, chagua ubora wa chini, inakula kama GB 0.3 kwa saa, kwa shuka hutaona tofauti. Vuta N'kuvute niliiona mara ya kwanza Dar ilipokuwa inaonyeshwa, hii ya juzi tumeiona kwa shemeji huyo huyo. Spika ndogo ya bluetooth inatosha kwa Binti na Malawi, kwa Vuta N'kuvute tafuta spika ya maana maana muziki ni nusu ya filamu. Umeme ukikatika katikati, kwenye Binti mnaweza kuendelea na maongezi mpaka urudi. Kwenye ile ya Malawi watoto watakulilia mpaka uwamalizie kwa mdomo, kwaiyo iangalie mwenyewe kwanza ili ujue mwisho.

Nilimuuliza kila mtu humu ndani angechagua ipi kama angekuwa wewe wifi. Mume wangu kasema Malawi. Watoto Malawi, wala hawakungoja nimalize swali. Mama kafikiri, akasema ile ya taarabu, afu akabadilisha akasema hapana, kwa watoto weka ya upepo, ya taarabu tutaangalia sisi wakubwa nikija Lindi. Mimi mwenyewe ningekuwa peke yangu usiku wa leo, nimemaliza vyombo, ningeweka Vuta N'kuvute kwa mara ya tatu. Ila hujaniuliza mimi ningeangalia nini, umeniuliza watu wako.

Kwaiyo weka Malawi Jumamosi. Anza saa moja na nusu siyo saa mbili, maana ni ndefu. Watoto mbele kwenye mkeka, bibi mpe kiti chenye mgongo, mpwa akae karibu na spika atafsiri kwa sauti ya wastani, na kwenye msiba wa mwanzo asiongee, paache palivyo. Binti iweke siku ya kikao cha kikoba, baada ya kuhesabu pesa siyo kabla.

Projekta nimempa dereva wa basi la asubuhi, imefungwa kwenye kanga ya bluu, waya wa spika uko mfuko wa pembeni. Shuka tafuta lako, letu lina doa la mchuzi pale pale anapokaa mtu usoni.